Pumzi Mbili Baada ya Injini Kuzimwa

Kwa miaka yote ya ndoa yao, Ardis Kvamme hakuhitaji kuchungulia dirishani ili ajue mume wake amefikia wapi na kazi za jioni. Alikuwa jikoni akimenya viazi, dirisha amelipa mgongo, na masikio yakimletea habari zote. Kwanza kikatapila kiliingia uani kikikwaruza changarawe. Kisha mikono yake ya chuma ilishushwa na ndoo ikagonga saruji. Kisha injini ikazimwa. Halafu, katika kile kimya, zilikuja pumzi mbili, ya kwanza ndefu na ya pili fupi: psssss, pss. Hapo ndipo Ardis alipoinua mkono akashika mkebe wa kahawa, kwa kuwa Orlyn sasa alikuwa anateremka, na kutoka kiti cha mashine hadi mlango wa jikoni maji yalikuwa na muda wa kutosha kuchemka.

Pumzi zile zilikuwa presha ya mafuta ikitoka. Wapo waendeshaji wengi katika lile bonde la Wisconsin ambao wakizima injini wanaruka chini na kwenda zao. Orlyn hakuwa hivyo. Alizima, akabaki amekaa, mkanda bado kiunoni, akasukuma mshikio wa kulia upande wa kushoto na kuuacha hapo kidogo, kisha akausukuma kulia mara moja kwa haraka, na mafuta yaliyokuwa yamebanwa kwenye mipira ya kuyapitishia yakarudi kwenye tangi yakipumua. Ndiyo sababu ya ile ndefu na ile fupi. Alifanya hivyo hata siku ambazo hakuwa na haja ya kufungua kifaa chochote, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Kikatapila chenyewe kilikuwa kifupi, kinene na chenye kiburi. Hakikuwa na usukani. Kikitaka kugeuka, magurudumu ya upande mmoja yalisimama na ya upande wa pili yakaendelea, nacho kikazunguka pale pale kiliposimama, ndani ya zizi ambamo trekta isingeweza hata kuingiza pua. Mbele yake ulifunga ulichotaka: ndoo ya kuzolea samadi, keekee ya kuchimbia mashimo ya nguzo, makucha ya kubebea magogo, na ikifika Novemba, mashine ya kurusha theluji. Vyote hivyo vilizungushwa na mafuta yaliyopita katika mipira miwili, na ukiyatazama ndani ya dumu mafuta yale yalionekana mapole, ya rangi ya asali. Yakishapita kwenye pampu hayakuwa mapole tena.

Orlyn alimfundisha mkewe kukiendesha mwaka wa kwanza wa ndoa, wakati Ardis bado anaona haya kuimba kanisani karibu na mama mkwe. Alimkalisha kitini, akamfunga mkanda mwenyewe, akamshushia kizuizi cha chuma mapajani.

"Kizuizi hiki kikiwa juu, hakuna kinachotembea," alisema. "Wala usikidanganye kwa kukifunga na waya kama wanavyofanya watu wa kule juu kilimani."

"Nani hao?"

"Sitaji majina. Mmoja anaitwa Burnell."

Ardis alicheka. Burnell Sime alikuwa rafiki wa Orlyn tangu shule, jirani yao wa shamba la pili, mtu mrefu asiye na mke wala dalili ya kutafuta.

Orlyn aliendelea. Usipite chini ya mikono ya mashine ikiwa imeinuliwa, hata ukiambiwa ni sekunde moja tu. Usiteremke huku kifaa cha mbele kinazunguka. Ukitaka kuchomoa mipira, shusha kila kitu chini, zima, toa presha kushoto na kulia, ndipo uguse viungio. Kifaa kikiwa kimelala juani tangu asubuhi, mafuta ndani ya mipira yake yanavimba na kiungio kinakataa kuingia. Usikigonge kwa nyundo, kikokote kivulini au subiri. Kisha akachomoa nyuma ya kiti kipande cha boksi la uji wa shayiri, lile boksi lao wenyewe la asubuhi, alilolikata vizuri kwa mkasi.

"Na hili?" aliuliza Ardis.

"Mpira ukitoboka tundu dogo huoni kitu. Unaona mafuta yanadondoka tu, hujui yanatokea wapi. Basi unapitisha boksi. Mkono hupitishi kamwe, hata ukiwa na glavu. Yale mafuta yanatoka kama sindano ya daktari, yanaingia ndani ya nyama."

"Na boksi likitoboka?"

"Tutanunua jingine Jumamosi. Mkono wako nitaununua wapi?"

Kwa mtu wa bonde lile, hayo yalikuwa maneno mazito ya mapenzi. Ardis aliyakumbuka zaidi ya yale aliyoambiwa mbele ya mchungaji.

Maana watu wa pale, wajukuu wa Wanorwe waliokuja na masanduku yao ya mbao na Biblia zao, hawapendi kujieleza. Nimekaa nao muda mrefu na bado wananichosha. Mwenye homa kali atakwambia si mbaya sana. Aliyeunguliwa na ghala atakwambia ingeweza kuwa mbaya zaidi. Ukimkaribisha mgeni kahawa, atasema asante, usijisumbue. Ukimkaribisha mara ya pili, atasema kwa kweli alikuwa anaondoka, ana kazi. Ukimkaribisha mara ya tatu ndipo atasema, basi, kidogo tu, na atakunywa vikombe vitatu na kumaliza biskuti zote. Mara mbili za kwanza hazihesabiki. Mwenyeji anayeishia kwenye mara ya pili na kurudisha mkebe kabatini amemfukuza mgeni, na habari zake zitatangulia kufika kanisani Jumapili.

Sasa sikiliza jinsi Ardis alivyompoteza Orlyn.

Ilikuwa asubuhi ya Machi, theluji imeanza kuoza, na Orlyn alikaa ukingoni mwa kitanda akijisugua kifua. Ardis alimwuliza kulikoni. Akasema si mbaya sana. Ardis akasema, twende hospitali. Orlyn akasema, usijisumbue. Ardis akavaa koti lake kabisa, akasimama mlangoni na ufunguo wa pikapu mkononi, akasema tena, twende. Orlyn akasema, "Ng'ombe hawajakamuliwa, mama. Nikimaliza tutaona." Akaingiza miguu kwenye mabuti. Ardis akasimama pale kidogo, kisha akalitundika koti.

Hakumwuliza mara ya tatu. Orlyn alianguka katikati ya ng'ombe wake weusi kwa weupe, mashine ya kukamulia bado inavuta, na alipofikiwa alikuwa ameshakwenda.

Hakuna aliyemlaumu. Nani angemlaumu? Ng'ombe walikuwa hawajakamuliwa kweli. Lakini yeye mwenyewe alijua hesabu ya kwao ilivyo, na alijua aliishia mara ya pili.

Ng'ombe waliuzwa mwaka ule ule. Mashamba yakakodishwa. Binti yao, aliyeolewa mbali kwenye joto, alipiga simu kila wiki akimwambia auze na kikatapila ahamie huko kusiko na theluji. Ardis alijibu kwamba atafikiri, na hakufikiri. Mashine ile alibaki nayo na akaiendesha mwenyewe. Alisafisha theluji ya uwanja wa kanisa, akachimba mashimo ya nguzo za watu, akabeba magogo baada ya dhoruba. Aliyetaka kuiazima aliambiwa, "Nitakuja nayo," na kweli alikuja nayo, mkanda kiunoni, kofia ya Orlyn kichwani. Hakuna mtu mwingine aliyekaa kwenye kiti kile. Hata Burnell, aliyejaribu kuomba mara moja kwa utani, aliambiwa akaendeshe baiskeli.

Kila jioni alifanya alivyofundishwa. Alishusha mikono, akazima, akasukuma mshikio kushoto na kuuacha kidogo, akausukuma kulia. Mafuta yakapumua. Na kila jioni sauti ile ilikuwa si yenyewe.

Hilo ndilo lililomtesa, na hakuwa na wa kumwambia. Ukiwa kitini, ile sauti inatokea chini ya miguu yako, imechanganyika na mlio wa chuma kinachopoa na mngurumo uliobaki masikioni. Ni sauti ya mashine tu. Sauti aliyoitamani ilikuwa ile inayopita uani, ikapita kwenye wavu wa dirisha, ikamkuta mtu mwenye viazi mkononi. Na ili imkute jikoni, ilibidi mtu mwingine awe kitini. Mara moja alifanya ujinga: aliweka simu yake dirishani ikirekodi, akatoka mbio akawasha mashine, akaizima, akatoa presha, akarudi kusikiliza. Alisikia jokofu likinguruma na kunguru mmoja. Aliifuta rekodi ile kwa aibu kama mwizi, ingawa hakukuwa na mtu nyumbani.

Alimtamani Orlyn kwa njia nyingi, kama mjane yeyote. Lakini usiku alizoea na kanisani alizoea. Saa ya viazi hakuizoea, na miaka sita ilipita hivyo.

Novemba ya mwaka wa saba theluji iliwahi. Burnell alikuja asubuhi, kama kila mwaka, kusaidia kufunga mashine ya kurusha theluji, maana ni nzito na kuilenga peke yako ni kazi ya kukufanya utukane. Alisimama mlangoni na ovaroli yake, ndevu zimeganda.

"Kahawa, shemeji?" alisema Ardis.

"Aa, usijisumbue."

"Ipo tayari."

"Nina ng'ombe wa kuangalia, kwa kweli."

"Burnell, kahawa."

"Basi, kidogo tu."

Alikunywa vikombe vitatu, wakatoka. Kazi ilikwenda vizuri. Ardis alikuwa kitini, Burnell pembeni akielekeza kwa mikono, na mashine ya theluji ikakaa mahali pake. Mipira ikachomekwa. Ardis akawasha, akaiacha mashine izunguke taratibu ili mafuta yapate joto. Burnell alitakiwa kusogea mbali, na alisogea, nusu hatua, kama kawaida yake. Ndipo alipoona theluji iliyo chini ya mkono wa kushoto wa kikatapila imepata madoa ya rangi ya asali.

Burnell alijua habari ya boksi. Alishalitania miaka mingi, akimwuliza Orlyn kama na yeye anakula uji humo kitini. Lakini boksi lilikuwa nyuma ya kiti cha Ardis, na kumsimamisha mtu kazini ili akupe kipande cha boksi ni kujisumbua na kusumbua. Akavua glavu, ili ahisi vizuri, akapitisha mkono kwenye mpira kuanzia juu kushuka chini.

Ardis, masikio yakiwa yamezibwa na vizibo vya kelele, alimwona tu akirudisha mkono haraka na kuutikisa.

Mikono yake ilifanya kazi kwa utaratibu wake. Alisimamisha mashine ya theluji, akaishusha chini, akazima injini, akatoa presha kushoto na kulia, akafungua mkanda, ndipo akateremka.

"Umepigwa?"

"Nyuki tu," alisema Burnell. "Mpira wako una tundu, shemeji. Pale kwenye kona. Nimelipata."

"Lete mkono."

Chini ya kidole cha shahada kulikuwa na nukta moja ndogo nyekundu. Haikutoa damu. Mtu angeweza kudhani ni mwiba wa waridi. Burnell aliupangusa mkono kwenye ovaroli, akavaa glavu yake, akaanza kutafuta spana kwenye mifuko.

"Inauma?"

"Hata. Imekufa ganzi kidogo."

"Burnell, twende hospitali."

Burnell alimtazama kana kwamba amemwambia waende mwezini. "Kwa hiki? Wataniwekea plasta wanirudishe. Usijisumbue."

"Mafuta yameingia ndani. Huoni nje, yako ndani, yanatembea. Orlyn alisema ukisubiri mkono unaoza. Twende."

"Si mbaya sana, mama," alisema Burnell, tayari ameinamia mpira. "Ng'ombe hawajakamuliwa. Nikimaliza jioni tutaona."

Ardis alisimama kwenye theluji. Maneno yalikuwa yale yale, hata lile neno mama, na aliyeyasema hakujua kwamba yalishasemwa. Aliona koti lake mwenyewe likirudi kwenye msumari. Alijua ametimiza mara ya pili, na alijua kinachofuata ni nini endapo atanyamaza kwa heshima, kama walivyonyamaza wote katika bonde lile tangu masanduku yaliposhushwa.

Basi akapiga kelele. Alipiga kelele hata kunguru wakaruka kutoka kwenye ghala.

"Burnell Sime! Nakwambia mara ya tatu! Unaingia kwenye pikapu ile sasa hivi kwa miguu yako, la sivyo nakubeba mgongoni mpaka mjini, nipite nawe mbele ya kanisa, watu wote wakuone! Ng'ombe wako nitakamua mimi! Unanisikia? Nitakamua mimi! Hata wa kwake ningekamua mimi!"

Burnell alibaki na spana mkononi. Alikuwa hajawahi kumsikia Ardis akipaza sauti, hata siku ya mazishi. Aliangalia chini, akaangalia pikapu.

"Basi," alisema. "Kidogo tu."

Njiani, walipopita kiwanda cha jibini, alisema kidole kimeanza kugonga. Walipopita daraja, mkono ulikuwa umevimba na glavu haikutoka. Kwenye hospitali ndogo ya mjini, Ardis alimpita Burnell pale mezani kabla hajaanza kusema si mbaya sana. Alimwambia daktari: ni mafuta ya haidroliki, yameingia kwa presha, muda si mrefu, na hili si jambo la plasta. Daktari alikuwa kijana wa mashambani mwenyewe. Hakubishana. Alishika simu, na kabla ya saa sita mchana Burnell alikuwa katika hospitali kubwa ng'ambo ya vilima, mkono wake umefunguliwa kutoka kidoleni mpaka karibu na kifundo, madaktari wakisafisha mafuta yaliyokuwa yamefuata njia za mishipa.

Kidole cha shahada hakikupona, wakakikata. Mkono uliokolewa. Mpasuaji alimwambia Burnell kwamba angekuja baada ya kukamua, angerudi nyumbani mkono ukiishia kwenye kiwiko.

Jioni ile Ardis alikamua ng'ombe wa Burnell. Hakuwa amegusa kiwele tangu Machi ile. Alitembea katikati ya mbavu zao za joto, akasikia mashine ikivuta, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe mmoja mzee, akalia mpaka ng'ombe akageuza shingo kumwangalia. Kisha akaendelea na wa pili, kwa kuwa wote walikuwa wanasubiri.

Burnell alirudi kabla ya Krismasi. Majirani walisaidiana kukamua mpaka alipoweza mwenyewe. Kuhusu mkono alisema ingeweza kuwa mbaya zaidi, na safari hii alikuwa anasema kweli. Kuhusu zile kelele hakusema neno, wala Ardis hakusema. Ila Burnell alipokuja kumsaidia kubadilisha mpira uliotoboka, alikuja na boksi lake mwenyewe la uji, amelikata kwa mkasi, kingo zimepinda kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto. Alilisokomeza nyuma ya kiti, karibu na lile la Orlyn.

Theluji ilipoyeyuka, uzio wa Burnell wa upande wa mto ulikuwa umelala chini. Alikuja mlangoni mwa Ardis siku moja ya mwisho wa Aprili. Kesho yake kulikuwa na mazishi ya bibi mmoja kanisani, na Ardis alikuwa amepewa kazi ya kupika chapati za viazi za chakula cha waombolezaji. Unga ulikuwa umempanda mpaka viwikoni, chuma cha kuchomea kimepata moto, na chapati ikishaanza haingoji mtu.

"Shemeji, nguzo zangu zimelala," alisema Burnell. "Ukipata nafasi uje na keekee unichimbie."

"Leo siwezi. Huoni?"

"Naona. Basi, hata wiki ijayo. Usijisumbue."

Ardis aligeuza chapati. Hakujua kwamba atasema alilosema. Baadaye alijieleza kwamba ni kwa sababu chapati ilikuwa inaungua.

"Ufunguo uko kwenye msumari," alisema. "Kachimbe mwenyewe."

Burnell hakusogea. Watu wa kule huulizwa mara tatu, lakini jambo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba aliogopa likirudiwa litafutwa. Alichukua ufunguo akatoka.

Ardis alipika. Alisikia kikatapila kikienda zake barabarani, kikawa kidogo, kikapotea. Mchana ulikuwa na jua, akafungua dirisha ili moshi wa unga utoke. Chapati zilipanda juu ya kitambaa moja baada ya nyingine. Alikuwa anafikiria marehemu, na kama siagi itatosha, na kama mchungaji mpya atakula au ataonja tu.

Changarawe ikakwaruza uani. Hakugeuka. Mikono ya chuma ikashushwa, keekee ikagonga saruji. Injini ikazimwa. Kukawa kimya.

Pss. Psssss.

Mkono wake wenye unga ulikuwa umeshashika mkebe wa kahawa kabla hajajua kwamba umeinuka. Aliutazama mkono ule. Maji yalikuwa yamekaribia kuchemka, kwa kuwa alikuwa ameyabandika, hakumbuki saa ngapi. Akajua anayeteremka ni nani, na akajua anayetakiwa kuteremka ni nani, na hayo mawili yakakutana kifuani mwake kwa wakati mmoja. Chapati iliyokuwa juu ya chuma ikaungua kweli sasa.

Burnell alimkuta amesimama hivyo, mgongo umekabili mlango, moshi mwembamba unapanda.

"Kuna nini, shemeji?"

"Hakuna kitu."

Mtu wa bonde lile hapo huzungumzia hali ya hewa. Burnell alivua kofia. Alipita akazima moto chini ya chuma.

"Kuna nini?"

"Si mbaya sana. Chapati imeungua."

Burnell aliuweka ufunguo kwenye msumari kwa vidole vyake vinne.

"Ardis," alisema. "Kuna nini?"

"Namtaka Orlyn," alisema Ardis. "Namtaka mume wangu. Namtaka ateremke kwenye mashine ile aje hapa anywe kahawa. Saa hii hii. Kila siku saa hii namtaka."

Hilo lilikuwa halijasemwa kwa mtu yeyote kwa miaka saba, wala kwa binti, wala kwa mchungaji. Akakaa kwenye kiti, unga mpaka usoni, na alilia vibaya, kwa sauti, bila kujifunika. Burnell hakumwambia anyamaze. Alitoa vikombe viwili, akamimina kahawa bila kukaribishwa, akakaa ng'ambo ya meza.

Alipotulia, Ardis alimwambia habari ya zile pumzi. Alimwambia yote, pamoja na simu dirishani na yule kunguru. Burnell alisikiliza akiangalia kikombe chake.

"Basi leo umezisikia," alisema mwisho.

"Nimezisikia. Lakini umezigeuza."

"Nimezigeuzaje?"

"Yeye alianza kushoto, akaacha kidogo. Ndefu kwanza, halafu fupi. Wewe umeanza kulia."

"Mkono wenyewe hauna kidole," alisema Burnell. "Unakwenda unakotaka."

"Sikulaumu. Nakwambia tu."

Burnell alikunywa kahawa yake mpaka chini. Kisha akasimama, akachukua ufunguo kutoka kwenye msumari, akavaa kofia.

"Unakwenda wapi?"

"Sijatoa presha vizuri," alisema, akatoka.

Ardis alimsikia akipanda, na mkanda ukibana. Injini iliwaka ikanguruma uani, mikono ya chuma ikapanda, ikashuka, keekee ikagonga saruji. Alisimama. Aligeuka akalipa dirisha mgongo, akachukua kiazi kimoja kutoka kwenye beseni ingawa hakuwa na haja ya kumenya viazi tena siku ile, akakishika.

Injini ikazimwa.